Barua ya Kustaafu Tujiandikie Wenyewe

Ndugu wananchi wa Buguruni, nianze kwa kuwauliza swali moja. Ni nani atakayekuandikia wewe barua ya kustaafu?

Mwalimu atapata yake. Muuguzi na karani wa halmashauri watapata zao. Utaratibu unajulikana: ukitimiza miaka 55 unaweza kustaafu kwa hiari, ukitimiza 60 unastaafu kwa lazima. Siku hiyo wenzako kazini wanachanga, mnakula na kunywa soda, unapewa zawadi, mnapiga picha, unarudi nyumbani.

Sasa tutazame tunaishi na nani hapa kwetu. Kuanzia Sheli mpaka Malapa, kuanzia Rozana mpaka Kwa Mnyamani, wengi wetu tumejiajiri. Tunauza matunda sokoni, tunakaanga chipsi, tunashona, tunachomelea mageti, tunaendesha bajaji na bodaboda, tunapikia mafundi wa gereji. Hatuna mwajiri. Hakuna ofisa utumishi atakayefungua jalada letu na kusema: mama, umetumika vya kutosha, sasa nenda kapumzike.

Kwa hiyo wengi hufanya kazi mpaka mwili ukatae. Na mwili ukikataa hautoi notisi ya mwezi mmoja.

Wito wangu kwenu leo ni huu: barua hiyo tujiandikie wenyewe, na tuiandike mapema, mikono ikiwa bado na nguvu. Iwe na tarehe. Iwe na hesabu. Na iseme wazi ni kazi gani tutaifanya baada ya kuiacha hii ya sasa, maana mtu hastaafu ili akae anatazama ukuta.

Tuanze na tarehe. Chukua daftari, andika mwaka uliozaliwa, jumlisha 60. Umepata mwaka gani? Kijana wangu wa bodaboda uliyezaliwa mwaka 2000, umepata 2060, najua unacheka kwa sababu unaona ni mbali. Mama uliyezaliwa 1975 umepata 2035, na wewe huenda hucheki. Miaka iliyo kati ya leo na mwaka huo ndiyo mtaji wenu, na kila mmoja ana wake.

Chini ya tarehe, andika unataka siku hiyo ikukute na nini. Bati lisilovuja? Mtoto wa mwisho awe amemaliza chuo? Ekari mbili Kisarawe au Mkuranga zenye karatasi zake? Banda la kuku? Safari ya Hija? Liandike kwa jina lake. Mtu akisema "nataka maisha mazuri" hajui aanzie wapi Jumatatu asubuhi. Akisema "ifikapo 2030 niwe nimemaliza vyumba viwili vya uani", atajua mwezi huu anunue matofali mangapi.

Je, mwenzi wako anaijua orodha hiyo? Watoto wanaijua? Isomeni pamoja baada ya chakula cha jioni. Nyumba ambayo baba anajenga kwa siri na mama anaweka akiba kwa siri hutumia nguvu mara mbili kufika pale pale.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo uzee wetu unapotengenezwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki kwa mtu aliyeajiriwa. Sisi tuliojiajiri hatuna ukomo. Tunafungua alfajiri, tunafunga usiku, na mara nyingi hatujui katika saa zote hizo ni ipi iliyotuingizia hela na ipi iliyotuchosha bure.

Mfikirie mama anayepika chakula karibu na gereji. Anaamka saa 10 usiku, anawasha mkaa, anasukuma chapati, anatia supu jikoni. Saa 4 asubuhi watu wa chai wamekwisha. Saa 6 mpaka saa 8 mchana wanakuja watu wa wali na ugali, hapo hashiki hata simu. Kuanzia saa 9 anapata mteja mmoja mmoja, na mkaa unaendelea kuungua mpaka jioni.

Mama huyu akiwa na daftari, kwa wiki mbili tu akaandika mauzo ya asubuhi peke yake, ya mchana peke yake, ya jioni peke yake, na upande wa pili akaandika mkaa, mchele, mafuta na maji, ataona jambo. Huenda akakuta jioni inamla. Basi afunge saa 9, aoshe vyombo, apite sokoni kwa utulivu kuchagua mahitaji ya kesho, arudi nyumbani jua likiwa bado linawaka. Kipato kinabaki kile kile na mgongo umepumzika saa tatu kila siku. Mgongo huo ataukuta akifika 60.

Daftari halihitaji elimu kubwa. Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Ila nawasihi, na kinachokwenda nyumbani nacho kiandikwe. Hela ya sukari, ya vocha, ya rambirambi, ya mchango wa harusi, zote hutoka kwenye kopo moja na mtaji, na hapo ndipo biashara nyingi njema za mtaani kwetu zinapofia bila mwenyewe kujua zimekufa lini. Jipangie mshahara. Sema mimi najilipa kiasi hiki kwa wiki, hata kama ni kidogo, na kilichobaki ni cha biashara. Ukijilipa mshahara umekuwa mwajiri wa nafsi yako, na mwajiri mwema humwekea mfanyakazi wake akiba.

Fundi wangu wa cherehani, nina neno nawe pia. Kila Idi na Krismasi zinapokaribia, vitambaa vinajaa dukani, na kila kitambaa kimekuja na kianzio chake. Unakata hiki, unaanza kile, kingine unakiahidi kesho. Unakesha. Macho yanauma. Je, ukitundika ubao ukutani, ukaandika kila kazi na tarehe yake, ukamaliza moja ndipo ukakata nyingine, na kazi isiyo na nafasi ukamwambia mteja kwa upole ailete baada ya sikukuu? Utapoteza wachache mwaka wa kwanza. Lakini fundi anayetoa nguo siku aliyoahidi hupata wateja wa miaka 20, na mteja wa namna hiyo hatakukimbia hata siku utakapoanza kushona polepole kwa ajili ya umri.

Hilo la fundi linatuhusu wote. Tumalize tulichoanza. Kazi ngumu ifanywe asubuhi, akili ikiwa safi. Zana ziandaliwe jioni, ili saa ya kwanza ya siku isiishie kutafuta spana. Siku moja katika wiki iwe ya kupumzika kwa kweli, na mwili utakulipa siku sita zinazofuata.

Na nyinyi mlioajiriwa, viwandani kando ya Barabara ya Nyerere, bandarini, shuleni, hospitalini: likizo yenu ya siku 28 kwa mwaka mnaitumiaje? Wengine huiuza, na naelewa kwa nini. Lakini miaka michache kabla ya kustaafu, ningewaomba angalau likizo moja muitumie kama majaribio. Unafikiria kufuga? Nenda kakae wiki mbili kwa mfugaji, uamke naye, usafishe banda, uone kuku wakiugua na chanjo ikichelewa. Unafikiria kulima Mkuranga? Kalime wiki mbili na mkulima wa mihogo kabla hujaweka hapo matumaini yako yote. Ni afadhali likizo ikufundishe kwamba kazi ile hukuipenda, kuliko kiinua mgongo kije kukufundisha.

Tuzungumze hesabu, na msiogope.

Ukiweka shilingi 2,000 kwa siku, siku 26 za kazi, kwa mwezi ni 52,000. Kwa mwaka ni 624,000. Kwa miaka 20 ni 12,480,000, kabla ya faida yoyote. Shilingi 2,000 ni hela gani hapa Buguruni? Kila mmoja anajua inavyotoka mfukoni kwa siku bila kuaga. Kama 2,000 ni nyingi, anza na 500. Anayeanza na 500 akiwa na miaka 25 ana nafasi nzuri kuliko anayesubiri awe na 10,000 akiwa na 50.

Swali ni tunaiweka wapi.

Tuna mchezo wa upatu, tuna vikoba, na tuna kibubu chini ya kitanda. Vyote vina kazi yake. Mchezo umesomesha watoto wengi mtaani kwetu, na sina neno baya juu yake. Lakini mchezo unazunguka na kurudi, na vikoba vingi huvunjwa Desemba watu wakagawana, Januari ikala ada na sare za shule. Hela ya uzee inataka mahali ambapo haiguswi na Desemba wala Januari.

Mahali hapo papo. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea michango ya watu waliojiajiri, mama lishe na dereva wa bodaboda wakiwemo. Si ya wenye mwajiri peke yao kama wengi wanavyodhani. Vipo pia vipande vya uwekezaji wa pamoja vya UTT AMIS, ambavyo vilianza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, na mtu wa kawaida huweza kununua kidogo kidogo na kuongeza anapopata. Benki nazo zina akaunti za malengo. Nenda ukaulize. Uliza faida inapatikanaje, uliza hasara inaweza kutokea vipi, uliza hela yangu naipataje nikiihitaji. Ukijibiwa kwa haraka, uliza tena. Ni jasho lako.

Kina mama, katika kikundi chenu cha kikoba mnachokiamini, kwa nini msikubaliane kwamba siku ya kugawana, kila mwanachama fungu dogo la mgao wake liende moja kwa moja kwenye akiba ya uzee, mbele ya wenzake wote? Kikundi kina nguvu ya kushikana mkono ambayo mtu peke yake hana. Na kikundi hicho hicho kinaweza kumwokoa mwenzenu na mikopo ya kausha damu, ile inayodaiwa kila siku mpaka meza ya biashara inachukuliwa. Mwenzenu akipata shida ya 50,000 usiku wa manane, mfuko wa jamii wa kikundi umfikie kabla hajaenda kwingine.

Kwa walioajiriwa, mchango unakatwa wenyewe, na hapo ndipo tunapojisahau. Wazee wetu wengi walianza na mfuko wa akiba wa NPF, ulioundwa mwaka 1964. Ikaja NSSF kwa sheria ya mwaka 1997. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF ya watumishi wa umma. Kwa ujumla mchango ni asilimia 20 ya mshahara: upande wa NSSF kwa kawaida nusu yako na nusu ya mwajiri, upande wa PSSSF wewe 5 na mwajiri 15. Na ili upate pensheni ya uzee, unatakiwa uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15.

Je, unajua leo umechangia miezi mingapi? Umewahi kuuliza? Jina lako kule limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa? Tarehe ya kuzaliwa inafanana? Herufi moja iliyokosewa mwaka 1998 inaweza kumzungusha mzee ofisi hadi ofisi mwaka 2028, akiwa na magoti yanayouma. Kagua kila mwaka. Chagua mwezi wako, labda mwezi uliozaliwa, uwe ndio mwezi wa kukagua michango. Weka nakala za barua ya ajira na hati za mshahara kwenye bahasha moja, na umwonyeshe mwenzi wako ilipo.

Halafu kuna mkupuo. Hili limezungumzwa sana, na kwa uchungu. Mwaka 2022 kikokotoo kipya kilianza, mkupuo ukawa asilimia 33 ya mafao, na sehemu iliyobaki hulipwa kila mwezi. Katika bajeti ya mwaka 2024 serikali ikatangaza nyongeza: asilimia 40 kwa waliokuwa zamani wakilipwa 50, na 35 kwa waliokuwa wakilipwa 25. Wapo wenye maoni yao juu ya viwango hivyo, na wana haki ya kuyatoa kupitia vyama vyao vya wafanyakazi. Mimi nawaomba tu mtazame upande ule unaosahaulika, wa kila mwezi. Hela ya kila mwezi itakuja mwaka wa 5, wa 10, wa 15. Haiwezi kukopeshwa yote kwa shemeji kwa siku moja. Ipangie maisha yako ya kawaida, chakula, umeme, maji na dawa, na ukiweza kuishi kwa hiyo, mkupuo utabaki na kazi yake.

Mkupuo ukiingia, kaa nao kwanza. Miezi sita usinunue gari la biashara, usianze ujenzi mkubwa, usiingie ubia na mtu uliyemfahamu mwezi uliopita. Simu zitapigwa. Wengine watajifanya maofisa wa mfuko na kukuomba utume kiasi fulani ili mafao yako yaharakishwe. Kata simu, nenda ofisini mwenyewe, nenda na mwanao mmoja. Mafao ni haki yako. Anayedai kianzio kwa njia ya simu ili akupe haki yako ni tapeli.

Kuna pensheni nyingine ambayo Buguruni inaijua zaidi kuliko sehemu nyingi za jiji hili. Ni nyumba.

Mnaziona bado zipo, nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele, uani kuna jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Mzee alijenga kwa mshahara mdogo, chumba kimoja kimoja. Akaishi vyumba viwili, vinne akapangisha. Kodi ya wapangaji ikamlisha yeye na mkewe baada ya nguvu kwisha. Nadhani wazee hao walikuwa na busara kubwa ambayo hatujaipa heshima yake. Walijenga kitu kinacholeta kidogo kila wakati, wakakaa ndani yake pamoja na wapangaji, wakawa na watu wa kuwasalimia asubuhi na wa kuwapelekea uji wakiugua.

Wenye nyumba hizo leo, mnazitunza? Kodi ya miezi sita ikiingia, fungu lake la bati, rangi na shimo la choo linatengwa? Nyumba iliyotengenezwa kidogo kila mwaka humtunza mwenyewe. Na karatasi zake zikoje, leseni ya makazi ipo, jina lililoandikwa ni la nani? Hili nalisema kwa upendo: tuandike wosia. RITA, wakala wa serikali, wanasaidia kuuandaa na kuuhifadhi, na viongozi wetu wa dini wanaweza kutuongoza kwa mujibu wa imani zetu. Watoto wanaopendana wakiwa wadogo wamegombana uani juu ya vyumba sita kwa sababu tu baba hakuacha neno lililoandikwa. Kuandika wosia hakumwiti Malaika wa mauti. Kunamwachia mama yao mahali pa kulala.

Tukitoka kwenye fedha, tuje kwenye mwili.

Jumapili alfajiri barabarani mnawaona vijana wa joging, fulana za rangi moja, wanaimba, mmoja anaongoza wengine wanaitikia. Nawapenda sana vijana hawa. Swali langu: kwa nini kundi lile lisiwe na mkia wa wazee? Si lazima mkimbie. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hao wa miaka 65 na zaidi nao wamo. Ni nusu saa ya kutembea kwa haraka kwa siku tano. Linawashauri pia wazee wafanye mazoezi ya kujenga nguvu na kushikilia mizani ya mwili siku tatu kwa wiki, kwa sababu kuanguka ndiko kunakowalaza wengi. Kusimama kwa mguu mmoja umeshika mlango wa baraza, mara kumi kila upande, ni zoezi. Kuinuka kwenye kigoda bila kujisukuma kwa mikono ni zoezi.

Vijana wa joging, siku moja kwa mwezi anzeni saa moja baadaye, mpite mitaani polepole, muwachukue babu na bibi zenu. Mtembee mwendo wao. Na mnapomaliza, pitieni Kituo cha Afya Buguruni mkawaulizie lini wanaweza kupimwa presha na sukari kwa pamoja. Presha haina kelele. Wengi huijua siku mkono mmoja umelegea.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Umestaafu, umepumzika wiki ya kwanza, ya pili umetembelea ndugu. Wiki ya tatu unaamka saa 11 alfajiri kama ulivyozoea, unaoga, unavaa. Unakwenda wapi?

Baba wa Taifa, Mwalimu Nyerere, alipong'atuka urais mwaka 1985 alikuwa na miaka 63. Alirudi Butiama akalima. Mwaka 1987 akapewa uenyekiti wa Tume ya Nchi za Kusini, akaifanya kazi hiyo mpaka ripoti ikatoka mwaka 1990. Akiwa mstaafu alizitafsiri sehemu za Biblia kwa tenzi za Kiswahili. Kuanzia mwaka 1996 alikuwa akisuluhisha Warundi, na aliendelea mpaka alipofariki dunia Oktoba 14, 1999. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyemfuata, alifahamika kwa kupenda mazoezi, na kitabu cha maisha yake kilizinduliwa mwaka 2021 akiwa ametimiza miaka 96.

Mtasema hao walikuwa marais, walikuwa na walinzi na madereva. Ni kweli. Lakini jembe la Butiama ni jembe lile lile, na kalamu ni ile ile. Kila mmoja wao aliamka akiwa na kitu kinachomngoja, na kitu hicho kilikuwa na faida kwa watu wengine. Hilo hata sisi tunaliweza kutoka barazani kwetu.

Mwalimu mstaafu, watoto wa mtaa wako wanasoma wengi mno katika darasa moja. Saa moja jioni, chini ya taa ya baraza lako, watoto kumi, kusoma na kuhesabu tu. Unaweza? Mhasibu mstaafu, vikoba vingi hapa vinavunjika kwa ugomvi wa hesabu ambao wewe ungeumaliza kwa nusu saa. Muuguzi mstaafu, wasichana wanaojifungua mara ya kwanza wana maswali wanayoyaonea haya. Fundi mstaafu wa reli au gereji, kijana anayekupita kila siku na waya mkononi anatamani kukuuliza, na anaogopa. Mwite wewe.

Na Shule ya Viziwi ya Buguruni ni jirani yetu. Wangapi kati yetu tunaweza kumsalimia mtoto wa shule ile kwa lugha yake ya alama? Mstaafu ana muda wa kujifunza lugha mpya. Nendeni kwa utaratibu, muongee na uongozi wa shule, muulize wanahitaji nini kabla ya kuamua mtawapa nini.

Lipo pia baraza la kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha. Migogoro ya ukuta, ya mpaka, ya maji yanayotoka kwa jirani, yote inahitaji mtu mwenye subira, anayejua nani alijenga kwanza na mwembe uliokatwa ulikuwa wa nani. Kumbukumbu hiyo wanayo wastaafu. Wakati mwingine kijiwe cha kahawa kinaijua historia ya kiwanja kuliko jalada lolote.

Vijana, nanyi mna sehemu yenu. Mzee akianza kukuhadithia, usitazame simu. Mfundishe kutuma hela mwenyewe, na umfundishe kutomtajia mtu yeyote namba ya siri, hata wewe. Mkipanga sherehe, mpeni kazi ya kufanya, asikalishwe tu kwenye kiti cha mbele na kupewa soda. Zanzibar, tangu mwaka 2016, kila aliyefikisha miaka 70 hupewa Pensheni Jamii, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Huku Bara bado tunategemea mifuko ya michango na mikono ya watoto. Mikono hiyo ni yenu. Elfu tano kila mwezi yenye siku yake maalumu humsaidia mama kupanga zaidi kuliko elfu hamsini inayokuja siku akilazwa Hospitali ya Amana.

Ombi langu la mwisho ni kwa wastaafu wote wa kata yetu, wenye barua na wasio na barua. Wiki hii piteni kwenye ofisi ya serikali ya mtaa wenu. Mwombeni mwenyekiti au mtendaji afungue daftari la wastaafu: jina, fani, siku na saa unazoweza kutoa. Fundi bomba, Jumatano asubuhi. Mwalimu wa Hisabati, Jumamosi jioni. Mkunga, wakati wowote akiitwa. Kama daftari halipo, nunueni lenu na muliache pale mezani na kalamu yake imefungwa kwa uzi. Mwenye shida ya kusomewa mkataba wa kodi, ya kupigiwa hesabu za kikundi, ya kufundishiwa mtoto, akija ofisini aonyeshwe daftari hilo na apelekwe mpaka mlangoni kwenu.